Gauni la Muosha Maiti: Si Kila Kitambaa Huzuia Damu

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri tulipoletewa maiti ya kijana aliyefukiwa na kifusi katika shimo la wachimbaji wadogo. Msikiti wetu uko kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Geita, na misiba ya namna hii si migeni kwetu. Vijana kutoka kila mkoa huja kutafuta riziki katika ardhi hii ya dhahabu, na wengine huondoka wakiwa wamebebwa. Jamaa zao huwa mbali, kwa hiyo jukumu la kuwaosha, kuwakafini, kuwaswalia na kuwazika hutuangukia sisi tulio karibu.

Maiti ile ilikuwa na majeraha ya kichwa na kifua ambayo damu yake haikuwa imekatika. Ndugu zetu watatu waliingia chumbani wakiwa wamevaa glavu na magauni ya kijani ambayo kamati iliyashonesha mwaka uliotangulia. Walipotoka, mmoja wao alivua gauni, na kanzu yake ya ndani ilikuwa nyekundu tangu kiwiko hadi kifundo cha mkono, pamoja na doa jingine kubwa tumboni, pale alipojiegemeza kumgeuza marehemu. Mkononi alikuwa na mchubuko mbichi alioupata shambani. Hakupandisha sauti. Alituuliza tu: "Ndugu Katibu, gauni hili nimelivaa au nimelibeba?"

Usiku ule ule tulimpeleka kituo cha afya. Dawa za kumkinga na VVU mtu aliyeguswa na damu hutakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Alizimeza zote, akarudi kupima kwa tarehe alizopangiwa, na majibu yakawa ya salama, alhamdulillahi. Lakini katika kipindi chote cha kusubiri mkewe hakupata usingizi wa kutosha, na yeye mwenyewe hakuingia tena katika chumba cha kuoshea. Kamati ikabaki na swali lake.

Hatuna budi kukiri kwamba kitambaa kile tulikichagua wenyewe. Tulikwenda dukani tukaomba kitambaa kizito "cha hospitali". Muuzaji akakunjua jora la kijani, akanyunyiza maji juu yake, na matone yakabingirika kama umande juu ya jani la gimbi. Tulishangilia. Tukalipa, fundi akashona magauni sita, nasi tukaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba suala la kinga ya waosha maiti limekamilika. Tulikuwa tumenunua rangi na uzito, tukadhani tumenunua kinga.

Ili tujue tulikosea wapi, ilitubidi tuwaulize wauguzi, mafundi cherehani na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo. Tuliyojifunza tunayaweka hapa, kwa kuwa tunaamini misikiti mingi ya Kanda ya Ziwa ina magauni kama yale yetu kabatini.

Kitambaa kilichofumwa hujengwa kama mkeka. Nyuzi za mtande husimama kwa urefu, na nyuzi za mshindio hupita juu na chini yake kwa upana. Kila zinapopishana hubaki tundu. Katika bafta nyepesi tundu hilo huweza kufikia sehemu ya kumi ya milimita moja, nalo huonekana kwa macho mtu akiinua kitambaa mbele ya jua. Virusi vya homa ya ini aina ya B vina upana wa takriban nanomita 42, maana yake ni kwamba zaidi ya 2,000 huweza kupita katika tundu hilo vikiwa vimepangana bega kwa bega. Fulana ina ujenzi mwingine: uzi mmoja hupigwa vitanzi vinavyoshikana, na ndiyo maana fulana hunyumbulika. Ikinyumbulika, vitanzi hufunguka na matundu hupanuka. Gauni la upasuaji huwa na mikono inayoishia kwa kitambaa cha vitanzi ili libane kifundo, na sehemu hiyo haihesabiwi kuwa kinga kabisa. Glavu hupaswa kuifunika yote. Ndugu yetu alivaa glavu fupi zilizoishia chini yake.

Tundu peke yake halitoshi kueleza yaliyotokea. Wazee wetu walisoma kwa mwanga wa kibatari na wanajua kazi ya utambi: ukichovya ncha moja ya uzi wa pamba katika mafuta, mafuta hupanda bila kusukumwa na mtu. Gauni la pamba ni maelfu ya tambi zilizolazwa pamoja. Likigusa damu upande wa nje, huinyonya na kuileta upande wa ngozi, na likishalowa huwa njia yenyewe ya vijidudu. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1952 daktari mpasuaji wa Marekani, William Beck, pamoja na mwenzake Collette, walionyesha kwamba magauni ya pamba waliyoyategemea wapasuaji yaliacha kuzuia bakteria mara tu yalipolowa. Hadi wakati huo madaktari walivaa kitambaa kilichofanana sana na kile tunachokiita melimeli, wakiwa na hakika kuwa usafi wake na weupe wake unatosha.

Hapa mkulima wa Shinyanga anaweza kuona kwamba tunaitukana pamba yake. Hapana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watafiti wa Taasisi ya Shirley, mjini Manchester, walitengeneza kitambaa cha pamba tupu kiitwacho Ventile kwa ajili ya marubani waliokuwa wakianguka katika bahari ya baridi kali. Walichagua pamba ya nyuzi ndefu sana, wakaisokota laini, wakaifuma kwa msongamano mkubwa mno. Ilipolowa, nyuzi zilivimba na kuyabana matundu yaliyobaki, maji yakazuiwa na pamba yenyewe. Baadaye kitambaa hicho kilishonewa hata magauni ya vyumba vya upasuaji. Mmea ulikuwa ule ule wa pamba, lakini ujenzi wa kitambaa ulikuwa tofauti kabisa. Pamba yetu ya Kanda ya Ziwa ni ya nyuzi za urefu wa wastani, na sehemu kubwa yake husafirishwa nje ya nchi ikiwa robota, kisha hutujia kama vitambaa tusivyojua vimefumwaje. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, ila si la makala haya.

Ujenzi wa tatu hauna mtande wala mshindio. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila mama anayetoka sokoni hubeba mfuko mbadala unaofanana na nguo. Ukiutazama kwa makini utaona kwamba haukufumwa. Plastiki iitwayo polipropilini huyeyushwa, huvutwa kuwa nyuzi, nyuzi humwagwa ovyo zikalaliana, kisha hubanwa kwa joto katika vidoa vidogo vidogo. Gauni la hospitali la kutumika mara moja hutokana na plastiki hiyo hiyo. Tofauti iko katikati. Gauni zuri huwa na tabaka tatu: mbili za nje ni za nyuzi nene zinazoleta nguvu, na iliyo katikati ni ya nyuzi nyembamba mno, zilizopulizwa kwa hewa ya moto, zilizosongamana kiasi kwamba kimiminika hukosa pa kupenya. Serikali ilitaka mifuko ile isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Magauni mengi ya tabaka tatu huwa na uzito wa gramu 35 hadi 50. Kwa hiyo mfuko ni mzito kuliko gauni, na bado gauni huzuia damu ambayo mfuko huipitisha.

Tuliyahakiki haya kwa macho yetu katika ua wa msikiti, siku ya Jumamosi, vijana wa madrasa wakiwa wamejaa kutuzunguka. Tulichemsha rosela ikatoa maji mekundu, tukatandika karatasi nyeupe juu ya ubao, tukaweka vitambaa juu yake kimoja baada ya kingine. Kila kitambaa kilidondoshewa kijiko cha maji yale, kikaachwa kwa dakika tano, kisha mmoja wetu akakibonyeza kwa kiwiko, kama anavyobonyeza mtu anayeinua maiti.

Bafta na kanga kuukuu havikusubiri hata hizo dakika. Jinzi, ambayo wengi tuliiwekea matumaini kwa sababu ya unene wake, ilikawia kidogo, kisha doa likatokea chini yake pana kuliko la bafta. Kitenge kipya kilituchekesha: maji yalisimama juu yake kwa sababu ya wanga wa dukani, lakini kipande cha kitenge hicho hicho kilichofuliwa mara moja kiliyameza papo hapo. Kipande cha mfuko mbadala kilistahimili dakika zote tano, na tulipokibonyeza kwa kiwiko karatasi ikawa na vidoa vyekundu kama vya surua. Koti la mvua halikupitisha kitu isipokuwa kwenye mshono. Kipande cha gauni la tabaka tatu tulichopewa na muuguzi, kipya na kisichotumika, hakikupitisha kitu hata kilipobonyezwa.

Mwisho tukaleta gauni letu la kijani. Fundi alikuwa bado ana kipande kilichobaki alipokata, nasi tukakiweka kando ya gauni lenyewe lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Juu ya kipande kile matone yalibingirika kama siku ile dukani. Juu ya gauni yalizama. Mzee wa kiwandani akatueleza: kitambaa hicho ni cha kawaida kabisa, mchanganyiko wa pamba na poliesta, ila kilipakwa dawa ya kufukuza maji baada ya kufumwa. Dawa hiyo hupungua kila kinapofuliwa, na mabaki ya sabuni ya unga yasiposuuzwa vizuri huyavuta maji badala ya kuyafukuza. Sisi tulikuwa tukiyaloweka magauni katika jiki kali usiku kucha, tukidhani tunazidisha usafi. Muuzaji hakusema uongo kuhusu tone lile. Sisi ndio hatukuuliza tone la mara ya kumi litakuwaje.

Tunatahadharisha kwamba jaribio la rosela linaweza kukikataa kitambaa kibovu, lakini haliwezi kukithibitisha kitambaa kizuri. Maabara hupima kwa namna nyingine. Katika kiwango cha Marekani kiitwacho AAMI, ambacho huandikwa kwenye pakiti nyingi za magauni, kuna ngazi nne. Kitambaa cha ngazi ya pili hutakiwa kustahimili mgandamizo wa maji yenye kina cha sentimita 20, na cha ngazi ya tatu sentimita 50. Ngazi ya nne hupimwa kwa kirusi kisichomdhuru binadamu, chenye upana wa takriban nanomita 27, ambacho ni kidogo kuliko kile cha homa ya ini B. Ulaya wana kiwango chao, EN 13795. Mtu akikuuzia gauni la "hospitali" bila kuweza kukuonyesha alama yoyote ya namna hiyo, mnunulie kama unavyonunua nguo ya kawaida.

Mshono nao una habari yake. Sindano ya cherehani hutoboa kitambaa mara maelfu, na kila tobo ni mlango. Fundi wetu, kwa nia njema, alikuwa ameweka mshono wa katikati kifuani na mifuko miwili ya mbele ili magauni yapendeze. Kifua, tumbo hadi magotini, na mikono ndizo sehemu zinazopokea damu nyingi, na ndizo viwango vinazozitazama zaidi. Gauni la kinga hufungwa mgongoni, mbele likawa kipande kizima, na magauni bora zaidi hubandikwa utepe wa joto juu ya mishono. Mifuko ya mbele haina kazi kwa muosha maiti.

Wapo watakaosema: kwa nini tusivae plastiki tupu, yakaisha? Bibi mmoja anayewaosha wanawake wa kata yetu kwa miaka mingi alitujibu kabla hatujamaliza kuuliza. "Wanangu, mie nilishajifunga nailoni mwezi wa kumi. Nilitoka mle nimelowa jasho kama niliyeoshwa mimi." Plastiki inayozuia damu huzuia pia mvuke wa mwili. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi uliotangazwa mwaka 2014, wahudumu waliovaa mavazi kamili walilazimika kutoka baada ya takriban saa moja, maana joto lingewaangusha. Mtu aliyezidiwa na joto hukosea, hujipangusa uso kwa glavu chafu, huvua vazi kwa pupa. Ndiyo sababu yakatengenezwa mavazi ambayo kitambaa chake hubandikwa utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke na kuzuia kimiminika. Ni ghali, na kamati yetu haikuyamudu.

Tulichokimudu ni njia ambayo wauguzi huitumia siku zote, na ambayo Shirika la Afya Duniani huielekeza pale gauni linapokuwa la kupitisha maji: kuvaa aproni isiyopenya juu ya gauni. Aproni huacha mgongo wazi, mwili ukapumua, na hufunika tumbo na mapaja. Mikono hubaki, kwa hiyo tuliongeza glavu ndefu zinazofika karibu na kiwiko, na gambuti miguuni. Bibi yetu alizijaribu akasema zinafaa, ila aproni zikatwe fupi kwa wanawake wafupi, wasizikanyage.

Familia zenye binti au mama muuguzi nazo zina jambo la kuzingatia. Sare nyeupe anayorudi nayo nyumbani ni alama ya kazi yake, haikujengwa kuzuia chochote. Ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto, na akieleza kwamba kazini aproni zimekwisha, tusimwambie kwamba sare inamtosha.

Yote tuliyoyasema yanahusu maiti za kawaida: ajali, vifusi, uzazi, maradhi ya siku zote. Kuna maiti ambazo hakuna vazi katika kabati la msikiti litakalofaa. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Watu tisa waliugua, sita wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wa Geita. Hadi tarehe 13 Machi ulipotangazwa kwisha, watu kumi walikuwa wamehesabiwa kuugua, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, na wote kumi walifariki. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg ndio wenye hatari kubwa kuliko wote, na kuuosha ni mlango wa msiba wa pili.

Katika wiki zile tulisikia waumini wakisema kwamba kumzika Muislamu bila kumuosha ni kumdhulumu, na kwamba mwenye imani akivaa gauni lake atahifadhiwa. Tulilijibu hilo wazi. Sheria yetu haimkalifishi mtu kuiangamiza nafsi yake, na maji yanapodhuru ipo tayamamu. Mwongozo wa mazishi salama uliotolewa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya Ebola na Marburg unamtaja Muislamu kwa jina: mmoja wa timu ya mazishi, akiwa Muislamu na amevaa mavazi kamili, hupiga mikono yake juu ya mchanga au jiwe safi na kuipitisha juu ya mfuko uliomhifadhi marehemu, mahali pa mikono na uso. Familia hushuhudia kwa mbali, swala ya jeneza husaliwa. Kazi ya kamati katika hali hiyo ni kupiga simu kwa mganga mkuu wa wilaya na kuwazuia watu wasiuguse mwili.

Magauni sita ya kijani tumeyashusha daraja. Huvaliwa na wanaochota maji na kufagia. Badala yake, kwa michango ya Ijumaa nne, tumenunua aproni kumi na mbili, glavu ndefu, na pakiti mbili za magauni ya tabaka tatu yanayotumika mara moja, ambayo hayafuliwi wala hayarudiwi, huchomwa. Waosha maiti tisa, wanaume watano na wanawake wanne, wamekwisha kupata chanjo ya kwanza ya homa ya ini B, na wanasubiri mbili zilizobaki. Ndani ya mlango wa kabati tumepigilia karatasi inayoandikwa kila aproni inapotumika na kusafishwa. Aproni namba 4 imeshaingia mara saba. Jana tuliikuta na ufa mdogo karibu na mkanda, upana wa ukucha, tukaitoa.

Ndugu yetu yule aliyetuuliza swali alikuja Ijumaa iliyopita baada ya swala. Alizitazama aproni moja moja, akaivuta ile ndefu zaidi, akajipima nayo mbele ya mlango, akauliza zinahifadhiwa na nani funguo za kabati.